Wakuu, IST yangu niifunge gesi, nihamie haibridi, au niende kwenye umeme?

Mpambanaji wa Kimara
Wakuu, habari za jioni. Naendesha teksi mtandao hapa Dar, gari ni Toyota IST ya cc 1290. Kwa siku nakata kama kilomita 150, na kwa foleni zetu lita moja inanipeleka kilomita 11 au 12. Kila siku naacha sheli elfu 35 na zaidi, kabla sijafikiria kamisheni wala hela ya kula nyumbani.

Nimedunduliza milioni 2 na nusu. Nifunge mfumo wa gesi badala ya petroli? Niuze IST, niongezee hela nichukue Toyota Aqua ya haibridi, ile ya petroli na betri? Kuna jamaa ananishawishi niende kwenye umeme kabisa, Nissan Leaf. Nimepanga chumba na sebule, gari inalala nje ya geti, mita ya LUKU tunachangia wapangaji watano. Desemba huwa naipeleka familia Iringa. Waliotumia, sio waliosikia, naomba mnisaidie.

Gari ndo Ofisi
Mkuu, mimi nina IST kama yako na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye gesi. Kilo nanunua sh 1,550, inanipa kilomita 16 hivi. Kwa mizunguko yako utamaliza kilo 9 au 10, yaani elfu 15. Elfu 20 inabaki mfukoni kila siku. Nilifunga kwa milioni 1.8 na hela ilirudi ndani ya miezi minne. Halafu gesi hii ni ya kwetu, inachimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, na bei yake haiyumbi kama ya petroli.

Sasa usikie na machungu yake. Mtungi unameza nusu ya buti, abiria wa uwanja wa ndege akija na masanduku mawili, moja linakaa kiti cha mbele. Gari inawaka kwa petroli, injini ikipata moto ndipo inahamia gesi, kwa hiyo usiache tenki likauke, utaunguza pampu. Nguvu nayo inapungua kidogo. Mlima Kitonga, njia ya Iringa, ukiwa na familia na mizigo, bonyeza swichi urudi petroli.

Ila kitakachokutesa ni foleni ya kujaza. Tangu TPDC, shirika la serikali la petroli na gesi, wafungue kituo mama (kile kikubwa) pale barabara ya Sam Nujoma kuna unafuu, lakini mimi bado najaza saa tano usiku au alfajiri. Ukipanga mstari mchana masaa mawili, faida yote umeirudisha.

Mama Shughuli
Samahani naingilia uzi. Mume wangu ana Noah, fundi wa mtaani kamwambia atamuunganishia mtungi wa gesi ya kupikia kwa bei chee. Ni salama jamani?

Fundi Mfumo
Dada, mkataze leo hii hii. Gesi ya kupikia ni LPG, mtungini imekaa kama maji kwa mgandamizo mdogo, na mtungi wa jikoni haukutengenezwa kurushwa kwenye mashimo. Ya magari hapa Dar ni gesi asilia, inashindiliwa hadi mgandamizo wa baa 200, na mtungi wake ni chuma nene chenye tarehe za kupimwa zilizogongwa shingoni. Tena LPG ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini ya viti na kutuama pale pale. Gesi asilia inapanda juu na kutawanyika.

Mpambanaji, nawe sikia. Mwaka jana nililetewa gari mtungi umefungwa kwa mikanda ya bati, ukiusukuma kwa mguu unacheza. Nikachovya brashi kwenye maji ya sabuni, nikapaka maungio: moja lilikuwa linatoa povu dogo dogo kama mate ya mtoto. Mwenyewe alishazoea harufu, akidhani ndivyo gesi ilivyo. Nenda karakana inayotoa cheti, DIT, chuo cha teknolojia cha Dar, pia wanafunga, na usiondoke kabla hawajakupakia hiyo sabuni ukiona.

Wanjiku wa Naivasha
Huku Kenya hatuna vituo vya gesi kama vyenu, sisi tunaangalia umeme. Nina Leaf ya zamani yenye betri ya 24 kWh. Raha yake siwezi kueleza, hakuna oili wala plagi. Lakini betri ya Leaf haina kipozeo cha maji, na joto linaichosha. Yangu, kwenye kipimo cha uzima wa betri, imebaki vibao 8 kati ya 12 na ikitoka imejaa haifiki kilomita 100. Kwenye soketi ya kawaida nachaji usiku kucha. Ndugu yangu, kwa joto la Dar na kilomita 150 kwa siku, bila mita yako mwenyewe, hapana.

Babu Aqua
Haibridi kwenye foleni ni tamu, napata kilomita 20 kwa lita. Kuna tundu la hewa la betri pale kwenye kiti cha nyuma: abiria wakiliziba kwa mabegi, au vumbi likijaa kwenye feni, betri inakufa. Lisafishe mara kwa mara.

Mpambanaji wa Kimara
Nashukuru sana wakubwa zangu. Umeme naweka pembeni mpaka nipate LUKU yangu. Hii ya watano inatugombanisha tayari kwa pasi na friji tu. Aqua hela haitoshi bila mkopo. Kesho nikimshusha abiria wa mwisho napita Sam Nujoma saa tano usiku, nihesabu mwenyewe mstari una magari mangapi. Jumatatu naenda DIT kuulizia.