Ushauri: Ripoti ya umahiri wa wanafunzi wa Stashahada ya Uhasibu, nitumie ufaulu wa somo?

MratibuDom
Wakuu, habari za kazi. Naratibu programu ya uhasibu, ngazi ya 6 ya NTA (yaani stashahada), kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Mwisho wa mwezi kamati ya taaluma inataka ripoti yenye ushahidi kwamba wanafunzi wameupata umahiri ulioandikwa kwenye mtaala, maana wakaguzi wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wanatarajiwa. Umahiri wenyewe: mwanafunzi aweze kuandaa hesabu za biashara ndogo kutokana na nyaraka halisi. Nina wanafunzi 52, waliofaulu somo la Uhasibu wa Fedha ni 46, yaani asilimia 88. Je, hiyo 88 inatosha, au niongeze dodoso la kuwauliza wenyewe kama wameelewa? Naomba kuwasilisha.

KizotaKwetu
Vijana wa sasa wanakariri tu, mkuu. Wapeleke soko la mahindi Kibaigwa wakaone daftari la mfanyabiashara lilivyo, ndipo utajua nani mhasibu. Bila nidhamu hakuna umahiri, hata uandike ripoti kurasa mia.

LejaSafi
Mratibu, 88 haitoshi, na dodoso halitaiokoa. Alama ya somo ni mchanganyiko: majaribio, kazi za kundi, nadharia na hesabu, vyote vimejumlishwa. Mtu anaweza kufaulu kwa kueleza kanuni za uhasibu na kukokotoa uchakavu, huku hajui kuingiza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwenye daftari. Dodoso nalo linapima anavyojiona, halipimi anachoweza.

Chukua jedwali la kutahini la mtihani ule, lile linaloonyesha kila swali linapima nini, weka alama kwenye maswali yanayogusa umahiri huo tu, kisha toa alama za maswali hayo kwa kila mwanafunzi. Kigezo kiwekwe kabla ya kuangalia matokeo: mfano, angalau asilimia 70 ya wanafunzi wapate asilimia 60 ya alama za maswali hayo. Ukikiweka baada ya kuona matokeo, utakishusha mpaka kitoshe.

Sasa nami nikuulize: mtihani ulikuwa na swali la nyaraka? Wamelifanyaje?

Zabibu_CPA
Mimi ningeangalia wanaoendelea na mitihani ya Bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA. Huko hakuna kubebana. Kijana akianza kufaulu huko, chuo kimefanya kazi yake.

MratibuDom
Asanteni. Maswali yalikuwa matano, alama 20 kila moja, mchanganyiko. Kwa ujumla wamefanya vizuri. Hilo la NBAA nitalifikiria.

MamaUrari
Zabibu, mitihani ya Bodi hufanywa na wachache, tena baadaye, na mtu anakuwa ameshasoma kwingine. Haikuambii wapi ufundishaji wako ulipungua. Mratibu, swali la LejaSafi hujalijibu. La nyaraka lilikuwa la ngapi, na wangapi walilipata?

MratibuDom
Sawa, niseme. Lilikuwa swali la 4, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na stetimenti ya benki na kueleza tofauti. Walipewa daftari la fedha la duka la vifaa vya ujenzi na stetimenti ya benki ya mwezi mzima, yenye malipo ya lipa namba, makato na hundi iliyorudishwa. Waliopata chini ya 10 ni 41, waliopata 10 na kuendelea ni 13.

Lakini naomba mnielewe. Darasani walizoea stetimenti fupi ya mistari sita, hii ilikuwa ndefu. Kwa hiyo tumeliondoa swali hilo, alama za maswali manne tukazizidisha kwa 1.25 zifike 100. Lingebaki, waliofaulu wangekuwa 33 tu. Mkuu wa idara ameshasaini. Sioni haki kuwaadhibu wanafunzi kwa swali ambalo hawakuandaliwa vizuri, na ripoti lazima ifanane na matokeo yaliyotoka.

LejaSafi
Hapo umeunganisha mambo mawili. Matokeo ya mwanafunzi ni haki yake. Kama swali halikuandaliwa, kuliondoa kwaweza kutetewa kwenye kikao, kwa muhtasari. Ripoti ya umahiri inapima programu, haimpimi mwanafunzi. Swali la 4 ndilo pekee lenye nyaraka. Ukilitoa, umebaki na ripoti ya umahiri usio na kipimo hata kimoja. Na sababu uliyoitaja, mistari sita darasani, ndiyo taarifa ambayo kamati inaihitaji.

Mkokotozi
Wakuu, mbona mnahangaika? Hii ni chai. Mleta mada ana wanafunzi 52. Sasa 41 jumlisha 13 ni 54. Mratibu wa uhasibu asiyefunga jumla ya watu wawili? Mtu katunga kisa, au anataka tumwandikie kazi yake ya masomo.

KizotaKwetu
Kweli kabisa, nami nilishaanza kushangaa. Mleta mada, njoo na ushahidi.

MratibuDom
Si chai. Wawili ni wa mwaka uliopita, wanarudia somo. Walikaa mtihani uleule, ila ile 46 kati ya 52 ni ya darasa la mwaka huu pekee. Skripti zipo ofisini, siwezi kuweka za watu humu.

MamaUrari
Maelezo yanafunga. Ila Mkokotozi amegusa jambo linaloharibu ripoti nyingi: kugawanya kwa idadi isiyolingana. Wanaorudia waweke mstari wao peke yao, maana walifundishwa mara mbili. Andika juu ya jedwali: waliosajiliwa 52, waliofanya mtihani 54, wanaochambuliwa 52. Ukiwaondoa hao wawili, hata 41 na 13 zitabadilika, kwa hiyo hesabu upya toka kwenye skripti.

Kisha zipange skripti za walioanguka kwa aina ya kosa, kwa sababu chini ya 10 pekee haisemi tatizo ni nini. Kwenye usuluhishi wa benki makosa hurudi yaleyale. Wapo wanaoruka hatua ya kwanza: hawarekebishi daftari la fedha kwa makato na hundi iliyorudishwa, wanakimbilia kusuluhisha. Wapo wanaochanganya pande, kwa kuwa debiti kwenye stetimenti ni fedha iliyotoka, na wao wanaiingiza upande wa mapokezi. Hao utawajua: makato ya 12,000 yakiingia upande usio wake, tofauti inakuwa 24,000, mara mbili kamili. Tofauti inayogawanyika kwa 9 inaashiria tarakimu zilizopinduliwa, 540 ikaandikwa 450. Kundi la tatu ni lipa namba: mauzo 500,000, benki imepokea 495,000, mwanafunzi anaandika mauzo 495,000 na ada ya 5,000 inapotea. Huyo wa tatu hana shida ya usuluhishi hata kidogo, shida yake ni kutambua mauzo.

Kosa la mwanzo lisimwadhibu mara mbili. Akikosea salio la daftari lakini akalitumia vizuri mbele, mpe alama za hatua za mbele.

MratibuDom
Mwalimu aliyefundisha ndiye aliyetunga na kusahihisha. Nikimpa azichambue yeye, itafaa? Na mkuu wa idara nimwambieje, ameshasaini?

LejaSafi
Asiwe yeye peke yake. Ficha majina, chukua skripti 10 zenye alama za juu, kati na chini, apewe yeye na mwalimu mwingine, kila mmoja kwa wakati wake. Watumie jedwali la vigezo lenye ngazi nne: daftari halijarekebishwa; limerekebishwa kwa makosa ya pande; limerekebishwa sawa ila hundi ambazo hazijafika benki au amana ambazo benki haijaingiza zimeachwa; na mwisho, salio linafunga na kila tofauti imeelezwa. Wakipishana ngazi mbili kwenye skripti moja, maelezo ya ngazi ndiyo mabovu, yaandikwe upya kabla ya kuendelea na zilizobaki.

Mkuu wa idara mwambie sahihi yake ya matokeo haiguswi, unachopeleka kwenye kamati ni waraka mwingine. Ndani yake weka asilimia ya swali la 4, aina za makosa kwa idadi, na badiliko moja la muhula ujao: stetimenti ndefu ya mwezi mzima kuanzia wiki ya nne, na swali la aina hiyohiyo, ugumu uleule, kwenye mtihani ujao ili mlinganishe.

Mkokotozi
Kama skripti zipo kweli, mratibu, anza na hizo 10 kesho. Namba za makundi ya makosa zilete hapa bila majina, tuzipitie.