Mwaangaliaje maamuzi yenu ya nyuma bila kujitesa? Mie tuktuk yanikosesha usingizi mpaka leo

Kijana_wa_Kisauni:
Salaam waungwana. Januari 2020 nlichukua mkopo wa sacco, nkaongeza akiba yangu yote nkanunua tuktuk, nkawa nabeba watu Nyali na Bombolulu, wiki za kwanza mambo sawa kabisa mpaka nkaanza kujiita bosi. Machi korona ikaingia, tarehe 27 kafyu, Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kutoka wala kuingia, watalii hakuna, abiria wa jioni hakuna, na mkopo nao haujui korona. Nkaiuza kwa hasara. Sasa binamu yangu ataka tuingie biashara ya mitumba Kongowea na kila nikifikiria najiambia wee ni mtu wa maamuzi mabovu, kaa kando. Nyinyi mwayatizamaje mliyofanya nyuma mkatoka na la maana, si majuto tu?

AmiBondeni:
Pole mwanangu. Lakini wajihukumu kwa mwisho wa mambo. Januari ile nani hapa Mombasa alijua? Mie mwezi wa pili nliagiza mzigo wa duka kama kawaida. Kuna watafiti wawili, Fischhoff na Beyth, 1975 walitoa utafiti wao, waliwauliza wanafunzi kabla Nixon, rais wa Marekani wakati huo, hajaenda China na Urusi mwaka 1972, hili na hili laweza kutokea kwa kiasi gani? Safari zilipokwisha wakawaambia kumbukeni mlijibu nini, basi yale yaliyotokea wengi wakadai waliyapa nafasi kubwa kuliko walivyoandika kwenye karatasi. Yani akili yenyewe yakudanganya kua ulijua. Jiulize ulichokijua SIKU ILE, si unachokijua leo.

MamaMahamri:
Ami umenena, na hapo kwenye karatasi ndipo penyewe. Mie nauza mahamri na mbaazi Majengo, nna daftari la shule lile la kurasa 96, nikitaka kufanya jambo la pesa naandika kwanza: kwa nini nalitaka, naogopa nini, nani kanishauri, na siku hiyo nlikua na hali gani. Baada ya miezi sita narudi kusoma, na wallahi mara nyingine nacheka peke yangu. Nligundua karibu kila nlipoangukia pua nlikua nimeambiwa "leo leo, kesho hupati". Friza mbovu nliuziwa hivo, chama cha kuzungushana kilichovunjika niliingia hivo. Bila daftari ningesema tu sina bahati. Na andika hata yaliyofaulu, maana kuna mengine nlipata kwa bahati tupu na nkajiona nna akili 😂

Mzee_wa_Feri:
Nyote mwambembeleza. Korona haikumfanya atie akiba YOTE ndani ya tuktuk moja. Ingeweza kua ajali, injini kufa, au askari kuishika wiki mbili, angelipa mkopo na nini? Kijana, usikasirike, ulibakisha ngapi mfukoni? Na kabla hujanunua uliuliza wangapi wenye tuktuk wapata ngapi kwa siku ukitoa mafuta na spea?

Kijana_wa_Kisauni:
Mzee umenigusa pabaya. Sikubakisha kitu. Na nliuliza mtu mmoja tu, rafiki yangu alokua kanunua yake mwezi wa kumi na mbili, na yeye mwenyewe alikua bado hajapeleka service hata ya kwanza. Miaka yote hii nalaumu korona, au najilaumu mie mzima mzima, sikuwahi kukaa nkatenganisha lipi langu na lipi si langu.

MamaMahamri:
Sasa hayo ndiyo ya kuandika. Na mitumba je, binamu asemaje?

Kijana_wa_Kisauni:
Asema bale zapanda bei Jumatatu, lazima nitoe pesa kesho 😅

MamaMahamri:
Aaah! Si nlisema mie!

Kijana_wa_Kisauni:
Nimempigia sasa hivi, nimemwambia anipe wiki mbili nikakae na wauzaji watatu pale Kongowea nione bale moja yatoa nguo ngapi za kuuzika na ngapi za kutupa, na nitaweka nusu ya alichotaka. Amenuna, kanikatia simu. Daftari nimetuma mtoto dukani.

Mzee_wa_Feri:
Mwache anune, ni binamu, Ijumaa mtakutana kwa pilau.