«Dark Star» ya Grateful Dead: ni onyesho lipi lililo bora kuliko yote?

Mpenda Gitaa (swali)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba mawazo ya wale mnaoufuatilia kwa karibu muziki wa Grateful Dead, ile bendi ya California iliyopiga tangu 1965 hadi mpiga gitaa na mwimbaji wake, Jerry Garcia, alipofariki Agosti 1995. Wimbo ninaouulizia ni «Dark Star». Ulipotoka kwenye santuri ndogo mwaka 1968 haukufika hata dakika tatu, na sidhani kama yeyote aliyeusikia wakati huo angebashiri kwamba jukwaani ungekuja kuchukua nusu saa na zaidi. Una beti mbili za Robert Hunter, mtunzi wa maneno wa bendi, na kordi mbili zinazopokezana, A na E ndogo, basi. Mengine yote hutungwa papo hapo mbele ya watu, na ndiyo maana hakuna usiku unaofanana na mwingine.

Sikio langu limelelewa na muziki wa dansi. Katika sebene mpiga solo huweza kubadilisha atakavyo, lakini mzunguko wa magitaa haukatiki, kwa sababu mchezaji aliye ukumbini anautegemea. «Dark Star» huenda kinyume kabisa: besi ya Phil Lesh hukataa kuushika mzunguko, ngoma huweza kunyamaza, na wapigaji wote hutafuta njia kwa pamoja bila mmoja wao kuwa kiongozi. Kipimo changu hadi leo ni toleo la tarehe 27 Februari 1969, lililorekodiwa kwenye ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, na kujaza upande mzima wa santuri ya Live/Dead. Hata hivyo, kila ninapowasoma wapenzi wengine nakuta wakitaja Veneta, New York au Rotterdam. Naomba anayetaja onyesho aeleze ni kitu gani hasa anachokisikia humo, kwani tarehe peke yake hainisaidii.

Mkusanya Santuri

Mwenzangu, kipimo chako ni sahihi na sioni sababu ya kukiacha. Sikiliza jinsi wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wanavyojizuia. Kwa muda mrefu hakuna mdundo wa nguvu, bali mikwaruzo na michirizo ya ala ndogo ndogo, huku kinanda cha Tom Constanten kikirudia kipande kile kile kifupi chini ya gitaa. Garcia haingii kwenye ubeti wa kwanza mpaka dakika kama sita zimepita, na akiisha kuuimba ndipo bendi inapofungua milango. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wanapofika mbali kabisa, pale gitaa linapolia kwa ukali na besi ikapanda juu kulifuata, bado unaweza kuuimba wimbo moyoni mwako. Hawajaupoteza, wala hawakuhitaji kusimama ili waurudie.

Naongeza jambo moja kwa wale wanaoijua santuri tu. Usiku ule «Dark Star» ilizaliwa kutoka «Mountains of the Moon», wimbo wa taratibu uliotangulia, na ndiyo maana kwenye Live/Dead sauti inaanza kwa kupanda polepole kana kwamba mlango umefunguliwa muziki ukiwa tayari unaendelea. Maonyesho yote manne ya Fillmore West, kuanzia tarehe 27 Februari hadi 2 Machi 1969, yalitolewa kamili mwaka 2005, na ukiyasikiliza mfululizo utatambua kwamba waliochagua usiku wa kwanza kwa ajili ya santuri hawakubahatisha. Vilevile utaona kwamba ule mfululizo maarufu wa nyimbo kwenye santuri haukupigwa wote usiku mmoja: «St. Stephen» ni ya Februari 27, lakini «The Eleven» inayoifuata ilirekodiwa Januari 26 kwenye ukumbi wa Avalon. Jambo hilo haliipunguzii «Dark Star» yenyewe chochote, kwani ni ya usiku mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Msikilizaji wa Usiku

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, toleo la 1969 ni zuri mno, ila limepangika kupita kiasi kwa wimbo ambao thamani yake ni kutojulikana unakokwenda. Mimi nasimama na Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972.

Mazingira yenyewe yanafaa kuelezwa, kwa sababu yanasikika ndani ya kanda. Lilikuwa onyesho la kuichangia fedha kiwanda kidogo cha maziwa cha Springfield Creamery, na tiketi zilichapishwa kwenye lebo za mtindi wao. Lilifanyika uwanjani, mchana, kwenye jua kali na joto la nyuzi 38 hivi, kiasi kwamba magitaa yalikuwa yakiharibika tyuni na maji ya kunywa yakawa haba. «Dark Star» ilikuja katika seti ya tatu, baada ya bendi kuteseka na jua kwa saa kadhaa, na unasikia watu wasio na haraka yoyote.

Tofauti kubwa na 1969 ni nani yuko jukwaani. Hart alikuwa ameondoka mwaka 1971, kwa hiyo Kreutzmann yuko peke yake, na mpiga ngoma mmoja anaweza kugeuka ghafla pale ambapo wawili wangelazimika kuelewana kwanza. Mahali pa kinanda cha Constanten pana piano ya Keith Godchaux, ambaye hadumishi kipande kimoja bali anadondosha noti hapa na pale, mara nyingine nyuma ya gitaa, mara nyingine mbele yake. Baada ya ubeti mambo yanavunjika vipande vipande: besi inabaki na ngoma, kisha gitaa la Garcia linarudi likiwa limekasirika, linakwaruza na kupiga kelele mpaka hakuna tena kordi wala mapigo ya kuhesabu. Ndipo, kutoka ndani ya vurugu hiyo, mpiga gitaa wa pili, Bob Weir, anaingiza «El Paso», wimbo wa kichunga ng'ombe wenye mapigo ya tatu tatu. Najua wako wanaolalamika kwamba mruko huo unauharibu wimbo. Mimi nauona ndio uthibitisho wa jinsi walivyokuwa wakisikilizana, kwa sababu hakuna aliyesimama. Mapigo ya wimbo mpya yalianza kuchomoza ndani ya ule wa zamani kabla haujaisha. Rekodi kamili ilitolewa rasmi mwaka 2013 kwa jina la Sunshine Daydream, pamoja na filamu yake.

Mtunza Kanda

Ndugu Msikilizaji, umeeleza vizuri, lakini nakuomba urudi nyuma miaka miwili na nusu, hadi ukumbi wa Fillmore East wa New York, tarehe 13 Februari 1970. Kwa miaka mingi wapenzi walikuwa wakinakiliana kanda za usiku huo mkono kwa mkono, na mwaka 1996 ukatolewa rasmi kwenye Dick's Picks, ule mfululizo wa rekodi za maonyesho ya bendi, juzuu ya 4. «Dark Star», «That's It for the Other One» na «Turn On Your Love Light» zinafuatana, kila moja ikichukua karibu nusu saa.

Constanten alikuwa ameiacha bendi mwezi uliotangulia, na pengo lake halikuzibwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlisikie. Baada ya ubeti wa kwanza wanashuka hadi kwenye ukimya wa kweli, wenye mlio wa upatu na mivumo ya magitaa yanayonguruma mbele ya spika, na kwa dakika kadhaa hujui kama watarudi. Kisha Garcia anatoa noti moja moja, kwa woga, besi inaziitikia, na taratibu inajengeka ile sehemu yenye furaha ambayo wapenzi huiita «Feelin' Groovy», kwa kuwa kordi zake zinafanana na za wimbo wa Simon na Garfunkel. Kutoka gizani hadi kwenye nuru ile hakuna hatua iliyorukwa. Veneta ina ujasiri mkubwa zaidi, nakubali, lakini inaishia kwa kuvunjika. New York inavunjika katikati na kujijenga upya, kisha inaurudia ubeti wa pili ikiwa imepitia yote hayo.

Kuhusu Rotterdam ya tarehe 11 Mei 1972, naitaja kwa ufupi. Inafikia dakika 48 hivi, na wengi huitukuza kwa sababu ya urefu huo. Ina vipande vizuri, lakini ina pia nyakati ambapo wapigaji wanasubiriana.

Msikilizaji wa Usiku

Kuhusu Rotterdam nakuunga mkono. Nasikitika tu kwamba hakuna aliyeitaja Miami ya tarehe 26 Oktoba 1989. Wimbo ulikuwa haujapigwa tangu Julai 1984, ukafufuliwa Hampton, Virginia, tarehe 9 Oktoba 1989, ambako shangwe za watu zinakaribia kuzimeza noti za mwanzo. Hampton ni ya kihistoria, ila wanapiga kwa tahadhari. Miami wameshazoea, na vile vifaa vya MIDI vilivyoligeuza gitaa kuwa filimbi au tarumbeta vinatumika kutisha, si kupamba. Anayeamini kwamba «Dark Star» ilikwisha mwaka 1974 aisikilize hiyo, kisha ile ya ukumbi wa Nassau Coliseum, jimbo la New York, ya tarehe 29 Machi 1990, ambapo mwanamuziki wa jazi Branford Marsalis aliipigia saksafoni kana kwamba amekuwa kwenye bendi tangu utotoni.

Mkusanya Santuri

Nassau naikubali bila masharti, Miami siwezi. Sauti zile za MIDI zinaficha vidole vya Garcia, na vidole vyake ndivyo ninavyovifuata.

Mpenda Gitaa

Nawashukuru nyote. Nimezisikiliza kwa utulivu, kila moja usiku wake, kwa kuwa ukizifuatanisha sikio huchoka na kuanza kulinganisha vitu visivyohusiana. Ya New York imenitikisa kuliko nilivyotarajia. Ile sehemu ya kimya ni ngumu kwa mtu aliyezoea mzunguko usiokatika, lakini gitaa lilipoanza kurudi nilielewa kwa nini ilibidi wafike kule chini kwanza. Kwa sasa naiweka juu ya ile ya Fillmore West, ambayo nitaendelea kumpa mtu anayeanza. Veneta nitairudia baada ya kuisikiliza seti nzima ya tatu, kwani sitaki kuihukumu ikiwa imekatwa kutoka kwenye «El Paso» yake. Ndugu Mtunza Kanda, ukipata nafasi, tueleze pia unaionaje ile ya Cleveland ya tarehe 6 Desemba 1973, ambayo utangulizi wake ni mrefu kuliko nyimbo nyingi nzima za bendi hii.