Marseille na "14 ya njano": nipake ndege ipi?

Gundi_na_Wembe
Wakuu, salaam. Nina modeli ya Messerschmitt Bf 109 F-4, ndege ya kivita ya Ujerumani, kipimo cha 1:48. Nataka iwe ya rubani Hans-Joachim Marseille wa JG 27 (kikosi cha ndege za kivita cha Ujerumani), Afrika Kaskazini, 1942. Stika zinanipa ndege mbili, namba za kiwandani 12593 na 8673. Zote zina namba 14 ya njano ubavuni, zote rangi ya mchanga juu (RLM 79, namba ya rangi ya Kijerumani) na buluu hafifu chini (RLM 78), mkanda mweupe nyuma ya msalaba. Sasa tofauti iko wapi? Kuna jamaa kaniambia niachane nazo zote, nitengeneze ile aliyofia.

Mzee_wa_Propela
Mkuu, usihangaike na mwili, tazama mkia. Usukani wa mkia ndio kalenda yake: kila ndege aliyohesabiwa kuangusha, kijiti kimoja. 12593 ni ya mwanzoni mwa mwaka, picha za Februari zinaonyesha vijiti 50. 8673 ni ya Septemba, na hapo vijiti vilishakosa nafasi, ndiyo maana wakachora 100 ndani ya shada la majani, kisha vijiti vikaendelea chini yake hadi 158. Ukibandika shada kwenye 12593, wajuzi watakucheka.

Bi_Brashi
Mimi nakwenda na 8673 bila kusita. Usukani wenyewe upo! Familia yake ilikabidhiwa, na sasa uko makumbusho ya jeshi la anga Gatow, Berlin. Picha za vita nyingi ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingine za zamani zilifanya njano itoke nyeusinyeusi. Ndiyo ugomvi wa rangi hauishi. Kitu unachoweza kusimama mbele yake na kukitazama kinashinda picha kumi.

Mzee_wa_Propela
Usukani ni usukani tu, dada. Hautakwambia jua lilivyochujua mbawa. Kwa mwili mzima, 12593 nadhani ina picha nzuri zaidi.

Kobe_wa_Jangwani
Ile aliyofia sahau. Ni toleo la G-2, namba ya kiwandani 14256, siyo F-4. Alikuwa nayo siku chache tu. Tarehe 30 Septemba 1942 injini ikaharibika, moshi ukajaa chumbani, akaruka, akagonga mkia, mwavuli haukufunguka. Alikuwa na miaka 22.

Halafu tukumbuke, vijiti ni madai. Tarehe 1 Septemba peke yake alihesabiwa 17, na watafiti bado wanazilinganisha na hasara za upande wa pili. Unapaka walichoandika wao.

Msomaji_tu
Ile nembo ya kundi lao puani, ramani ya Afrika na kichwa cha chui na cha Mwafrika: waliichora kabla hawajakanyaga Afrika. Mnaibandika hivihivi?

Bi_Brashi
Naibandika, maana ilikuwepo. Lakini siipendi.

Gundi_na_Wembe
Nimeamua: 8673. Nimeshapaka mchanga mbawa ya kushoto, imetoka kama uji wa ulezi, naifuta kesho. Mzee, chujio la vumbi liko upande gani wa pua?

Mzee_wa_Propela
Kushoto, rubani akiwa amekaa. Na uongeze nyeupe kwenye huo uji.