Naomba ushauri: kupima seli za melanopsini kwa mwanga wa buluu

Wenzangu mnaoshughulika na macho, nisaidieni. Hapa Mombasa tunapima mboni za wagonjwa wa presha ya macho, tukilenga seli za ganglioni (seli za neva za retina zinazopeleka habari kwenye ubongo) zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, hasa wa buluu. Ni chache mno kando ya zile za ganglioni ziitwazo midgeti, zinazopeleka picha kwenye talamasi (kituo cha ubongo cha kupokea habari za macho), ila hizi ndizo huibana mboni kupitia kiini cha pretekta (sehemu ya ubongo wa kati) na kurekebisha saa ya mwili.

Jicho linalomulikwa tunalitia tropikamidi (tone la kupanua mboni) ili mwanga uingie sawasawa. Kamera ya infraredi hurekodi jicho la pili. Tunaanza na nyekundu ya nanomita 630 kwa sekunde 1, ndipo buluu ya 470. Buluu ikitangulia, mboni hubaki imebana na kuharibu kipimo cha nyekundu. Tunasoma upana wa mboni sekunde ya 6 baada ya kuzima taa.

Shida: mtu akitoka kwenye jua kali la mchana, mboni ya kuanzia huwa ndogo na hesabu yote inapotoka. Dakika 10 gizani zatosha? Tena kwa wenye irisi nyeusi (ile sehemu ya jicho yenye rangi), mboni huchelewa kupanuka. Nyinyi husubiri muda gani baada ya tone? Wanaotumia pilokapini, dawa ya presha ya macho, tumeshawaweka kando, maana mboni zao zimebanwa na dawa.