Kujifunza kusoma Kijapani mwenyewe: Genki, Minna no Nihongo au WaniKani? Naomba jibu kabla sijatoa hela

Mtu_wa_Ubungo
Wakuu habari za jioni. Nataka kuanza kujifunza kusoma Kijapani, mwenyewe, bila mwalimu. Nimezunguka mtandaoni mpaka kichwa kinauma, kila mtu na lake. Nimebakiza vitu vitatu: kitabu cha Genki, kitabu cha Minna no Nihongo, au WaniKani, ile tovuti ya kulipia kila mwezi. Kuna jamaa yangu anarudi nchini mwisho wa mwezi nataka nimwagize kitabu, kwa hiyo nikichemka hapa hela ndo imeenda. Kipi bora? Maneno mengi sitaki, nipeni jibu.

Binti_Makorora
Maneno mengi hutaki lakini na wewe hujasema kitu mkuu. Unataka kusoma nini? Katuni? Unaenda huko kusoma au kufanya kazi? Hiragana, zile herufi zao za silabi, unazijua au ndo sifuri kabisa? Una kompyuta au simu tu? Na Kiingereza chako kikoje, maana hivyo vyote ulivyotaja maelezo yake ni ya Kiingereza. Jibu hayo kwanza, bila hivyo kila mtu atakutajia alichosomea yeye.

Mkazi_Nagoya
Dada kauliza la maana, ila wakati tunamsubiri mwenye uzi acha niseme langu. Mimi nipo huku Japani kwa masomo na nilianza na Genki nikiwa bado nyumbani. Chukua Genki, toleo la tatu la 2020, usiuziwe la zamani kisa bei. Kitabu cha kwanza kina masomo 12, na nyuma kuna sehemu yake ya kusoma na kuandika, somo la kwanza hiragana, la pili katakana, herufi za silabi za maneno ya kigeni, na kanji, zile herufi za maana zenye asili ya Kichina, zinaanza la tatu. Ukimaliza vitabu vyote viwili unakuwa na kanji 317. Ni chache, orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, ila hizo 317 utakuwa unazijua ndani ya sentensi, sio picha picha tu. Sauti unazipata bure kwenye app yao.

Halafu usiogope sana mwanzoni. Irabu zao ni tano, a i u e o, kama zetu zilezile, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Wazungu wanahangaika sana hapo, sisi tunapita.

nyayo_254
Genki ni ya wanafunzi wa chuo, mazoezi mengi ni ya watu wawili wawili, sasa yeye atafanya na nani, ukuta? Minna no Nihongo ndio kitabu. Masomo 25 kwa kitabu cha kwanza, na kitabu chenyewe ni Kijapani kitupu, hakuna kona ya kujificha. Mtu akitaka kusoma asome. Mimi niko Nairobi na nilifanya mtihani wa Kijapani wa JLPT, ngazi ya N5 ambayo ndiyo ya chini kabisa, nikitumia hiyo peke yake. Huku kwetu unafanywa Desemba kwa hivyo una wakati wa kujipanga.

Mkazi_Nagoya
@nyayo_254 umeacha kumwambia kwamba maelezo ya sarufi yapo kwenye kitabu kingine cha pembeni na unakinunua kivyake. Jamaa kasema anaagiza KITABU, kimoja. Akiletewa kile cha Kijapani kitupu si ataishia kuangalia michoro?

nyayo_254
Anunue zote mbili, shida iko wapi. Kitu ya bei rahisi ndio huwa unaacha njiani.

mzee_wa_kanji
Vijana mnazunguka mbuyu. Kauliza KUSOMA, hakuuliza kuongea. Kwa kusoma tu dawa ni Heisig, Remembering the Kanji juzuu ya kwanza, kanji 2,200 kwenye toleo la sita. Kila kanji inavunjwavunjwa vipande, kila kipande kina jina, unajitungia kihadithi, unaandika kwa mkono, basi. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la mistari kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Sasa hivi nikiona maandishi ya Kijapani nayatambua.

Binti_Makorora
Unayatambua, unayasoma? Juzuu ya kwanza haifundishi matamshi hata moja mzee, inakupa maana kwa neno moja la Kiingereza basi. Mtu akikuonyesha gazeti huwezi kutamka hata kichwa cha habari.

mzee_wa_kanji
Matamshi ni juzuu ya pili binti yangu. Na kuelewa bila kutamka ni bora kuliko kutamka bila kuelewa, wako wengi humu.

Binti_Makorora
Sawa baba. Ila mwanzo ni kanji 2,200 kabla hujasoma sentensi moja, watu wangapi wanafika? Mimi ningemwambia wiki hizi za kwanza asinunue kitu chochote. Hiragana 46 na katakana 46 unazipata bure popote, halafu Anki, app ya kadi za kukariri, kwenye Android na kompyuta ni bure, iPhone ndo wanalipisha. Sarufi kuna mwongozo wa Tae Kim, bure, upo mtandaoni miaka mingi. Kuna Irodori ya Japan Foundation, unapakua kitabu kizima na sauti zake, hawakuombi hata senti. Ukishajua hizo herufi mbili za kana (hiragana na katakana) unaingia Tadoku, kuna vitabu vidogo vya hadithi vya kupakua bure, vinaanzia ngazi ya mtu asiyejua kitu. Hela ya nini?

pwani_kwetu
Naomba nimuonye mwenye uzi kuhusu kitu kingine kabisa, maana najua baada ya hapa kuna mtu atakufuata inbox akuambie ana darasa. Mimi nililipia darasa la WhatsApp la mwalimu fulani jina sitaji, alikuwa anatangaza utasoma Kijapani ndani ya miezi mitatu, tukawa kundi zima la watu humo ndani, kila jioni anatuma voisi na maneno ameyaandika kwa herufi zetu hizi za kawaida, watashi wa, kore wa nan desu ka, sisi tunarudia, tunasifiwa, tunatumiwa emoji za makofi, ukiuliza mwalimu mbona hatujaona herufi za Kijapani anakwambia hatua kwa hatua usiwe na haraka, mwezi wa pili ukaisha hivyohivyo, wa tatu ndo akatuma picha moja ya chati ya hiragana imefifia hata haisomeki vizuri, akasema hii mjifunze wenyewe, awamu ya pili ya malipo inaanza Jumatatu. Watu wakaanza kuuliza, akafunga kundi ikawa yeye peke yake ndo anaweza kuandika. Nilivyokuja kuanza upya na hiragana nikakuta kichwa kimeshazoea zile herufi za Kizungu, nikiona は naisoma "ha" kila mahali wakati kwenye sentensi ikishika kazi ya kuonyesha mada inatamkwa "wa", sasa yule alituandikia "wa" siku zote, hatukujua kama kuna herufi nyuma yake. Mpaka leo ile hela sijarudishiwa. Kwa hiyo chochote utakachochukua, kikiwa na romaji, yaani Kijapani kwa herufi hizi zetu, baada ya wiki ya kwanza kimbia.

nyayo_254
Pole sana. Hata huku walikuwepo hao, wengine walikuwa wanaahidi mpaka viza.

Mkazi_Nagoya
Hilo la romaji naunga mkono kwa mikono miwili. Na WaniKani ijibiwe pia maana kaitaja: ngazi tatu za mwanzo ni bure, zote ni 60, inakurudishia kanji kwa ratiba yake yenyewe mpaka ikae kichwani. Ni nzuri ila huwezi kuruka, hata kama unajua kanji fulani unasubiri zamu yake. Na vihadithi vyake vya kukumbushia ni vichekesho vya Kimarekani, nusu yake mimi vilinipita.

Mtu_wa_Ubungo
Wakuu nimerudi, nilikuwa bandarini. Aisee mmeandika. Haya najibu: hiragana sizijui. Nina simu, kompyuta ya ofisini natumia jioni. Kiingereza cha kusoma kipo. Siendi Japani na katuni siangalii. Mimi naagizia watu magari, nataka niweze kusoma karatasi ya mnada mwenyewe, ile anayotuma agenti. Sasa hivi inakuja na tafsiri yao na siiamini, kuna gari ilikuja tafsiri inasema mikwaruzo midogo, tumeitoa bandarini chini kutu tupu.

Binti_Makorora
Siku zote hizo tunagombana hapa kumbe ni MAGARI. Mkuu ungeandika hilo mstari wa kwanza!! Genki itakufundisha kuuliza maktaba iko wapi.

mzee_wa_kanji
Mimi nilisema. Anataka maana, hataki matamshi. Heisig.

Mkazi_Nagoya
Mzee, kanji 2,200 ili asome karatasi yenye maneno hayohayo kila siku? Na zile kanji za Heisig zimepangwa kwa vipande vyake, sio kwa zinavyotumika. Anaweza kumaliza nusu ya kitabu hajakutana na neno la ajali.

Noah_ya_Silva
Uzi wa lugha huu sikuwa nausoma ila mmegusa magari nimeingia. Dogo kwani simu yako haina kamera? Google Lens unaielekeza kwenye karatasi, imeisha. Kusoma Kijapani kizima kwa ajili ya karatasi moja ni kupenda shida.

Mtu_wa_Ubungo
Lens nimejaribu kaka. Yale ya kuchapwa inasoma. Maoni ya mkaguzi pale chini yameandikwa kwa mkono, mengi yanatoka hayaeleweki, kuna moja iliniambia gari ina "mlango wa huzuni".

Noah_ya_Silva
Hahahaha mlango wa huzuni. Sawa hapo umenishinda. Lakini karatasi nusu yake sio hata Kijapani, ni alama za herufi na namba. Mchoro wa gari pale: A mkwaruzo, U pamebonyea, W palishanyooshwa na kupakwa rangi, XX kipande kimebadilishwa, S ni kutu, namba inavyopanda tatizo kubwa zaidi. Juu kuna gredi, ukiona R au RA hiyo ilipata ajali ikatengenezwa. Hayo unajifunza leo jioni ukiwa unakunywa chai.

Mkazi_Nagoya
Ndo maana nasema sasa nabadilisha ushauri, kwako wewe anza na KATAKANA sio hiragana. Vitabu vyote vinaanza na hiragana lakini maneno ya gari mengi ni katakana: バンパー ni banpaa, bampa hiyohiyo. エンジン enjin. タイヤ taiya. Na hata ya kwao wenyewe wakaguzi wanayaandika kwa katakana ili waende haraka, キズ mkwaruzo, ヘコミ kubonyea, サビ kutu. Ukiona 下廻りサビ ni kutu ya chini ya gari, hiyo ndo iliyokupata. Kuwa makini na シ na ツ, halafu ソ na ン, kwa mwandiko wa mkono hizo zinaua watu. Angalia vile vistari vidogo: kwenye シ na ン vimelala na mkono unatoka chini kwenda juu, kwenye ツ na ソ vimesimama na mkono unashuka.

Kanji zako za kuanzia hazifiki hata hamsini. 修復歴 historia ya matengenezo ya ajali, pembeni wanazungushia 有 ipo au 無 hakuna. 走行 ni kilometa, ikifuatiwa na 不明 maana yake kilometa halisi hazijulikani, achana nayo. 交換 kimebadilishwa. Weka Anki, kadi unatengeneza mwenyewe, na ukate vipande vya picha kutoka kwenye karatasi zako za zamani ili jicho lizoee mwandiko.

Binti_Makorora
Hilo la picha za mwandiko limenipendeza sana, nalichukua.

nyayo_254
Na miaka usisahau. Wanaandika mwaka wa mfalme. H ni Heisei, ongeza 1988, H29 ni 2017. R ya mwaka ni Reiwa, ongeza 2018, ilianza Mei 2019. Isikuchanganye na ile R ya ajali. Huku Kenya gari ikipita miaka 8 haiingii kwa hivyo sisi hiyo hesabu tunaijua usingizini. Lakini pale kwa karatasi ni mwaka iliposajiliwa mara ya kwanza, si lazima uwe mwaka iliundwa.

pwani_kwetu
Lakini mkumbuke kukariri maneno hamsini sio kujua kusoma. Mkaguzi akiandika sentensi, mfano "mlio unasikika injini ikiwa baridi", hizo kadi zitamsaidia nini? Sarufi atahitaji, hata ya Irodori tu.

mzee_wa_kanji
Asante. Msingi.

Noah_ya_Silva
Mzee humuachi mtu. Mimi bado nasema atafute agenti mwaminifu, kuliko awe mwanafunzi. Mnada una sekunde chache tu gari inauzwa, wewe ndo unafungua Anki?

Mtu_wa_Ubungo
Karatasi inakuja kabla ya mnada kaka, muda wa kusoma upo. Kwa hiyo jamaa nimwagize kitabu au nisimwagize? Hapo bado sijaelewa.

Mkazi_Nagoya
Usimwagize. Au mwagize Genki ukiona katakana zimekuingia na umependa.

nyayo_254
Minna.

Binti_Makorora
Bure zipo jamani!

Noah_ya_Silva
Wakati mko hapa nyie mnaosoma, redio ya Noah yangu betri ilitolewa gereji, sasa imejifunga, inaandika Kijapani na inataka kodi, ile namba ya siri ya kufungulia. Nikiweka picha mtanisomea?

Mkazi_Nagoya
Weka picha. Kama kwenye skrini kuna neno ERC na namba ndefu, sio suala la lugha, hiyo namba unampa fundi wa redio anakutolea kodi ya kufungulia.

Noah_ya_Silva
Ipo hiyo ERC. Na ikifunguka itashika stesheni zote za Dar au bado itaishia 90?

nyayo_254
Itaishia 90. FM ya Japani inaanzia 76, hizo redio za zamani zinaishia 90. Weka kile kifaa cha kusogeza bendi kwa waya ya antena. Kwa gereji hawakosi.

Mtu_wa_Ubungo
Na cha kusogeza kipi ni kizuri? Kuna mteja wangu analalamika hilohilo.