Ushauri tafadhali: kuvuka Brenner Ijumaa usiku na watoto wadogo, na theluji imetabiriwa

Baba Wawili (Jumanne, mchana)

Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaoishi au kuendesha magari pande za milima ya Alps.

Tunaishi Munich. Jumamosi saa tano asubuhi mdogo wangu anafunga ndoa Ortisei, Italia ya kaskazini, anakofanya kazi hotelini. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nasimama mahali pake. Ndugu wengine wote wamekosa viza. Nisipofika mimi, upande wetu hautakuwa na mtu.

Safari ni kama kilomita 270: Munich, Innsbruck kule Austria, unavuka Brenner (njia ya mlimani mpakani mwa Austria na Italia), unaiacha barabara kuu pale Chiusa, kisha unapanda bonde la Gardena. Ijumaa natoka kazini saa kumi jioni. Nilipanga tuondoke saa kumi na mbili, saa nne usiku tuwe tumeshafika. Nitakuwa na mke wangu, mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Utabiri unasema theluji itaanza Ijumaa mchana na kuongezeka usiku, nyingi zaidi upande wa kusini wa Brenner.

Gari linavutwa na tairi za mbele. Tairi zimeandikwa M+S (matope na theluji), niliyenunua kwake aliniambia zinatosha kwa msimu wa baridi. Cheni za kufunga kwenye tairi ninazo, bado ziko kwenye boksi. Nimeendesha miaka kumi na mbili bila ajali, lakini theluji niliyoizoea ni ya mjini. Mnanishauri nini?

Kipepeo

Hongereni kwa harusi, kaka. Mimi nimepita Brenner Desemba mara nne na tairi za misimu yote, sikupata shida hata moja. Barabara ile inasafishwa usiku na mchana, chumvi inamwagwa muda wote. Nenda taratibu, utafika.

Dereva wa Mizigo

Ndugu yangu, kabla ya yote nenda kaangalie ubavu wa tairi. Unatafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake nyota ya theluji. Hizo herufi M+S mtengenezaji anaziweka mwenyewe, hazina jaribio nyuma yake. Ule mchoro ndio tairi hupewa baada ya kupimwa kwenye theluji. Ujerumani tangu tarehe 1 Oktoba 2024 haiitambui tena M+S peke yake barabara ikiwa na theluji au barafu. Faini ni euro 60 na pointi moja kwenye leseni, ila faini ndiyo ndogo kuliko yote. Austria M+S bado wanaikubali, lakini kati ya 1 Novemba na 15 Aprili barabara ikiwa na theluji, kashata za tairi ziwe na kina cha milimita 4 au zaidi. Italia wana sheria yao kuanzia 15 Novemba: tairi za baridi, au cheni ziwe ndani ya gari.

Sasa mlima wenyewe. Nimebeba mizigo njia hiyo miaka mingi, na kinachowaponza wengi ni kuitazama Innsbruck na kudhani wameshaiona Brenner. Innsbruck iko mita 574 juu ya usawa wa bahari, Brenner 1,370. Hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo Innsbruck ikiwa na mvua ya nyuzi 3, kule juu, kilomita chini ya 40 mbele, ni nyuzi 2 chini ya sifuri na theluji imeshalala barabarani. Katikati ya hapo kuna kipande ambacho lami inang'aa kama imelowa tu, kumbe ni barafu nyembamba. Ukisikia sauti ya maji chini ya tairi imekatika ghafla na usukani umekuwa mwepesi, umeshafika juu yake. Usikanyage breki kwa nguvu wala usikate kona, ondoa mguu kwenye mafuta polepole.

Halafu kuna jambo la upepo, na hili nakuomba ulisome mara mbili kwa sababu umesema theluji ni nyingi upande wa kusini. Mawingu yakitoka kusini, unyevu wote humwagika upande wa Italia, na hewa inayovuka mgongo wa mlima hushuka Innsbruck ikiwa kavu na yenye joto. Wenyeji wanauita upepo huo Föhn. Utakuta Innsbruck nyuzi 10, barabara kavu, hata koti unavua. Unasema utabiri ulikosea. Nusu saa baadaye uko kwenye theluji ambayo huioni mwisho wake. Na upepo huohuo unasukuma magari pale kwenye daraja la Europabrücke, ambalo liko mita 190 juu ya bonde. Madaraja pia hutangulia kuganda, maana baridi inayapiga juu na chini.

Kipepeo

Lakini Dereva, mimi nilipita na hakuna kilichotokea.

Dereva wa Mizigo

Naamini dada, ulipita barabara ikiwa imesafishwa. Sentimita tano kwa saa zikianguka, gari la kusafisha likishapita, nyuma yake panafunika tena kabla halijarudi. Na si lazima uteleze wewe. Semi moja ikijikunja na kulala njia nzima pale kwenye mpando, walio nyuma yake wote wamelala hapo.

Mwalimu wa Fizikia

Niongeze hesabu ndogo. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu gari husimama ndani ya mita kama 12 kuanzia breki iliposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni karibu mita 40. Kwenye barafu tupu inakaribia 100. Hapo sijahesabu ile sekunde ya kushtuka, nayo ni mita 14 nyingine. Ukiendesha kwa 80 ukidhani umepunguza mwendo, umbali huo wa breki ni zaidi ya mara mbili na nusu. Uzoefu wa miaka kumi na mbili hauongezi mshiko wa tairi, naomba usiutegemee.

Nesi wa Usiku

Kaka, mimi nazungumzia watoto.

Kwanza makoti. Usimfunge mtoto mkanda akiwa na koti nene la theluji. Mkanda unaonekana umembana, kumbe umebana hewa iliyo ndani ya koti, na gari likigonga anachomoka. Mfunge na nguo za kawaida, blanketi liwe juu ya mkanda.

Pili, mkikwama. Januari 2022 kule Murree, milimani Pakistan, zaidi ya watu 20 walifia ndani ya magari yaliyofunikwa na theluji, zikiwemo familia zenye watoto. Wapo waliouawa na baridi, na wapo waliouawa na moshi wa magari yao. Walifunga vioo, wakawasha injini wapate joto, theluji ikawa imeziba ekzosi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Unaanza kuumwa kichwa, unasinzia, basi. Ukikwama, kabla ya kuwasha injini toka nje ukafukue ekzosi mpaka ionekane yote, na urudie kila theluji inapoongezeka. Washa dakika kumi hivi kwa saa, kioo kimoja kiwe wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Mtoto wa miezi minane hawezi kukuambia kichwa kinamuuma.

Chupa ya maji moto, maziwa ya kutosha muda wa saa kumi na mbili zaidi ya unavyodhani utahitaji, nepi, mablanketi, tochi, koleo, simu iliyojaa chaji. Vyote viwe ndani mnapokaa, visiwe kwenye buti, maana buti linaweza kuganda lisifunguke. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote tatu. Wala msiliache gari mkaanza kutembea usiku.

Baba Wawili (Jumanne, usiku)

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimeshuka kuangalia tairi. Mchoro wa mlima haupo. Kina nimepima, tairi za mbele ni milimita 3 na nusu.

Nikajaribu kufunga cheni hapo maegesho. Dakika arobaini. Pakavu, taa zipo, hakuna gari linalopita karibu, na ya kushoto bado ilikuwa imelegea. Mke wangu alikuwa dirishani na mtoto akinitazama. Nilipopanda ndani hakusema kitu, na mimi sikusema.

Kesho naweza kupata tairi nne za baridi. Nikibadilisha, Ijumaa jioni inawezekana?

Dereva wa Mizigo

Badilisha kwa vyovyote, msimu bado mrefu. Cheni endelea kufanya mazoezi, ukiwa umevaa glovu, mara tatu au nne hadi mikono izoee. Kwa gari lako zinakaa tairi za mbele, huvuki kilomita 50 kwa saa, na baada ya mita mia chache unasimama kuzikaza tena. Unazifunga chini, penye tambarare, kabla ya mpando. Anayesubiri mpaka tairi zianze kuzunguka bure anafunga akiwa kwenye mteremko, magari yakimpita karibu na kichwa. Kushuka ni gia ndogo, injini ikuzuie.

Ila swali lako ni Ijumaa jioni na familia. Jibu langu ni hapana. Ni saa ambazo theluji inaongezeka, giza limeingia, wewe umetoka kazini umechoka, na mwisho wa safari una bonde la Gardena la kupanda kutoka kama mita 500 hadi 1,236 kwa barabara ya kona. Mimi mwenyewe nikiwa na uchaguzi siendi.

Mama Innsbruck

Mwanangu, nimesoma yote. Naishi huku miaka zaidi ya ishirini.

Foleni ikianza barabara kuu kabla ya Innsbruck, simu yako itakuonyesha njia ya mkato kupitia Mittenwald na Seefeld. Njia hiyo inashukia Zirler Berg, mteremko wa asilimia 16. Kila baridi nasikia ving'ora vikielekea huko. Baki barabara kuu. Na foleni ikisimama, njia ya kushoto wanasogea kushoto kabisa, wengine wote kulia, katikati pabaki wazi kwa magari ya uokoaji. Huku ni sheria, na theluji haiiondoi.

Lakini hayo wenzangu wameyasema vizuri. Nataka nikuulize: mdogo wako anajua kwamba kuna uwezekano usifike? Nimesoma maneno yako ya kwanza, kwamba usipofika upande wenu hautakuwa na mtu. Ukiingia barabarani na mzigo huo, utafika mahali unaona kabisa kwamba inatakiwa kurudi, na hutarudi. Utahesabu saa zilizobaki mpaka saa tano asubuhi. Nimewaona wengi wa namna hiyo, wamekaa kwenye kituo cha mafuta saa sita usiku, askari wanawaambia barabara imefungwa, wanauliza njia nyingine ya kupita.

Mpigie usiku huu. Mwambie hali ya hewa ni hii, na nikichelewa nisubirini, na nikikosa nitazungumza kwa simu mbele ya watu. Akishalisikia kinywani mwako, utakuwa huru kupanga kwa akili.

Halafu omba ruhusa kazini. Kuna treni ya EuroCity kutoka Munich inapita Innsbruck na Brenner, inasimama Bressanone. Reli nayo husimama theluji ikizidi, lakini ukikwama kwenye treni una choo na watu wa kukusaidia. Panda Alhamisi, kabla mawingu hayajafika. Mdogo wako yuko hotelini, atapata mwenyeji wa kuja kuwachukua Bressanone.

Nesi wa Usiku

Mama, ahsante. Naunga mkono Alhamisi.

Kipepeo

Nami nafuta niliyosema juu. Sikujua tairi zako ziko vile, wala sikuwa na mtoto mchanga ndani ya gari. Nenda na treni kaka.

Baba Wawili (Jumatano, asubuhi)

Nimempigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, akanikatiza. Akasema tangu Jumatatu halali, anaangalia utabiri na kutuwaza barabarani, ila aliogopa kuniambia nisije nikadhani hanitaki pale. Tumekaa kimya kidogo wote wawili.

Msimamizi wangu ameniruhusu Alhamisi mchana na Ijumaa yote, nitazilipa kwa zamu za Jumamosi mwezi ujao. Tiketi nimekata. Mama Innsbruck, shikamoo, na Mungu akulipe.

Mama Innsbruck

Marahaba mwanangu. Mkipita hapa pungeni mkono kwenye dirisha la kulia, naishi upande huo.

Baba Wawili (Ijumaa, usiku)

Tuko Ortisei tangu jana jioni. Jana tulivuka Brenner jua likiwaka, Innsbruck watu wametoka na mashati, kama alivyosema Dereva. Mwenzake mdogo wangu alitupokea na gari lenye tairi za baridi, zile zenye mchoro. Nilikwenda kuutazama kabla sijampakia mtoto.

Leo theluji imeanza saa saba mchana. Sasa ni saa nne usiku, saa ileile niliyopanga tuwe tumefika. Kutoka dirishani siioni barabara tuliyopandia jana, naona tu taa ya chungwa ya gari la kusafisha ikipita, na ikishapita panakuwa peupe tena. Redio ya hapa imesema malori yamezuiliwa Brenner. Dereva wa Mizigo, kama uko kazini usiku huu, tafadhali andika hata neno moja tujue uko salama.

Dereva wa Mizigo

Niko salama ndugu yangu. Nimeegesha Verona tangu saa tisa, nimekula, nalala. Msalimie bwana harusi.